Siku Mbili za Kung'arisha Pikapu ya Mzee

Nilirudi Eldoret na masanduku mawili makubwa, na ndani yake hapakuwa na zawadi ya mtu yeyote. Jamaa waliokuja kunipokea waliyapima kwa macho, wakangoja. Mama aliliinua moja kidogo akasema lina uzito wa gunia la mahindi. Nilipolifungua sebuleni wakaona chupa: za njano, za zambarau, nyingine nyekundu kama damu. Wakaona vitambaa laini vilivyokunjwa kama taulo za hoteli, sponji za duara, na mashine ya umeme yenye shingo kama ya bata. Hapakuwa na simu wala manukato. Mtu mmoja akacheka. Sikumjali. Nilikuwa nimebeba biashara.

Mimi si mtu wa kusaidiwa. Diploma yangu ya uhandisi wa magari niliisomea hapa hapa mjini, mchana darasani na jioni jikoni mwa hoteli nikiosha masufuria, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Ghuba, huko Uarabuni, nilikaa miaka tisa nikimwendesha mkurugenzi mmoja, na katika miaka hiyo sikuwahi kugonga hata kioo cha pembeni. Nyumba ya mtaa wa Kimumu, hapa Eldoret, niliijenga nikiwa huko huko, kwa simu, jiwe kwa jiwe, na fundi aliyejaribu kunidanganya juu ya saruji nilimfukuza kazi nikimtazama kwenye video. Bado sijaoa, lakini wazazi wangu wana chumba chao chenye dirisha la upande wa jua. Nayasema haya ili ieleweke kwamba nitakayoyaeleza hayakufanywa na mjinga.

Kila wiki ya pili nilikuwa nikilipeleka gari la mkurugenzi mahali pa kung'arishwa. Halikuwa jambo la ndoo na kitambaa. Kulikuwa na chumba cheupe chenye taa kama za upasuaji, na madereva tulikaa nje ya ukuta wa kioo tukinywa chai. Wenzangu walichezea simu. Mimi nilitazama. Nilijua povu linakaa dakika ngapi. Nilijua ule udongo laini, kama unga wa chapati uliokandwa, unavyopitishwa juu ya rangi kuvuta chembe zisizoonekana. Nilijua sauti ya mashine inavyobadilika dawa inapoanza kukauka. Mwishoni kabisa walipaka dawa ya kichupa kidogo, ambayo ikishakauka inakuwa ngumu juu ya rangi kama kioo, na maji yakimwagwa yanakimbia bila kulowesha. Kwa miaka tisa niliona kazi hiyo zaidi ya mara mia mbili. Mashine sikuwahi kuishika.

Mpango wangu ulikuwa kufungua mahali kama pale katika mtaa wetu wa Eldoret uitwao West Indies, karibu na katikati ya mji, na kabla ya kufungua nilihitaji gari la kujaribia. Langu dogo, la kutembelea, lilikuwa halijamaliza mwezi mikononi mwangu. Kwa hiyo macho yangu yakaenda kwenye pikapu ya Mzee.

Baba alikuwa amebeba maziwa kwa pikapu ile kutoka Moiben hadi mjini tangu sijaanza shule. Ilikuwa ya kahawia, kahawia ile ile ya barabara ya kwetu mvua ikishanyesha. Gari la mizigo sheria inataka liandikwe jina la mwenyewe, sanduku lake la posta na uzito wake, na Mzee aliandikiwa milango yote miwili na fundi wa sokoni, kwa brashi, herufi nyeupe zenye kivuli cheusi. Fundi yule hakuwa na haraka wala hakubania rangi. Herufi zilikuwa nene kiasi kwamba ungeweza kuzisoma kwa kidole macho yakiwa yamefumbwa. Moja ilikuwa imeinama kuliko wenzake. Nilipokuwa sekondari na Mzee akija siku ya wazazi, nilikuwa nikimwomba aegeshe mbali na lango.

Wakati ninaoueleza, Mzee hakuwa akiendesha tena. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemtoboa kidonda chini ya kisigino cha kulia, na ugonjwa mwingine, ule wa kusahau, ulikuwa unamchukua kidogo kidogo kutoka upande wa juu. Ndiyo maana tuliwahamisha yeye na Mama kutoka Moiben wakaja kukaa kwangu, karibu na kliniki. Kila Jumatatu na kila Alhamisi kidonda kilipaswa kufunguliwa, kusafishwa na kufungwa upya. Daktari aliniita kando siku ya kwanza.

"Hii kidonda iko karibu na mfupa," akaniambia. "Usiniruke hata siku moja. Ikiingia kwa mfupa, tunakata."

Nikamwambia mimi ni mtu wa saa. Na kweli, kwa miezi mitatu hatukukosa hata mara moja.

Lakini Mzee hakukubali kupanda gari lolote ila lile lake. Nilijaribu mara moja kumpeleka kwa gari langu, akashika nguzo ya veranda kwa mikono miwili akasema, "Mimi sipandi gari ya watu." Kwa hiyo kila Jumatatu na Alhamisi nilimwasha yule mzee mwingine wa chuma, nikamleta hadi mlangoni. Baba alikuwa akitoka na fimbo yake, anafika kwenye mlango wa abiria, anasimama. Anaweka kidole kwenye herufi ya kwanza ya jina lake, anakisukuma polepole hadi ya mwisho, akisoma kwa sauti. Kuna asubuhi ambazo hakujua jina la Mama, ila lile la mlangoni alilisoma. Akishamaliza anasema, "Ni yetu." Kisha anaingia, anavuta hewa ya mle ndani iliyojaa miaka ya maziwa yaliyomwagika, na njia nzima hana matata.

Niliyaona hayo mara zaidi ya ishirini. Nilidhani ni tabia tu ya uzee.

Jumamosi asubuhi nikaitoa pikapu uani, karibu na lango, mahali pa kuonekana. Mama alitoka jikoni akifuta mikono kwenye leso.

"Unataka kufanya nini na hiyo gari?"

"Ninaiosha, Mama."

"Iko safi."

"Hii si safi. Utaona safi."

"Wewe osha hiyo yako. Hii babako anaijua vile iko."

"Mama, ninaosha tu," nikasema, nikageuka kuunganisha waya.

Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mama mmoja mwenye duka, ambaye wazazi wake walitoka mkoa wa Kati kitambo wakaja kulima, alikuwa ameegemea kaunta yake akinitazama nikimwaga povu. Pikapu ilikuwa imefunikwa kote, haionekani hata taa.

"Jirani! Hiyo ni keki unapamba?"

"Ni sabuni ya ng'ambo, Mama."

"Na hiyo gari ni bibi harusi ama ni ya kubeba maziwa?"

"Ngoja kesho. Utakuja kujiangalia hapa kama kioo."

"Kioo niko nayo nyumbani," akasema, "na hainywi petroli."

Wateja wake wakacheka, nami nikacheka. Ilikuwa asubuhi nzuri. Nilipitisha udongo ule laini kwenye boneti na mkono wangu ukahisi rangi ikigeuka kutoka mkwaruzo hadi ulaini, kama shavu la mtu aliyetoka kunyoa. Hakuna anayeweza kunielezea furaha ile. Nilikuwa nimeitazama kwa miaka tisa kupitia kioo.

Jumapili Mama alikwenda kanisani akaniacha na Mzee, aliyekuwa amelala chumbani. Ndipo nikashika mashine. Nikapaka dawa ya kukwangua kwenye sponji nyeupe, nikaanza na paa, na baada ya dakika chache nikaigeuza sponji nione. Ilikuwa ya kahawia tupu.

Nikafurahi. Nikasema, huu ndio udongo wa Moiben, udongo wa miaka thelathini ulioingia ndani ya rangi. Nikaosha sponji, nikarudia, ikatoka kahawia tena. Nikarudia. Kila mara kahawia, na kila mara nikaona nimeufikia uchafu wa ndani zaidi. Magari niliyoyatazama Ghuba yalikuwa mapya, yenye tabaka la juu lisilo na rangi, na sponji zao zilibaki nyeupe. Gari la zamani halina tabaka hilo. Kinachotoka kwenye sponji ni rangi yenyewe. Diploma yangu ilinifundisha injini, giaboksi, breki na umeme. Juu ya rangi haikunifundisha kitu, wala mimi sikuuliza. Kama pikapu ile ingekuwa ya buluu, ningelijua kosa langu kwa dakika moja, maana hakuna udongo wa buluu. Ilikuwa na rangi ya kwetu, nami nikaifuta nikidhani ninafuta kwetu.

Kisha nikafika milangoni. Kule Ghuba, kabla ya mashine kugusa gari, maandishi yote hufunikwa kwa utepe. Nilikuwa nao, roli zima, ndani ya sanduku. Sitasema nilisahau. Niliziangalia herufi zile, ile iliyoinama, kivuli cheusi kilichochuruzika kidogo chini, nikaona haya ile ile ya siku ya wazazi. Nikasema nitapitisha mashine kidogo zing'ae. Zikaanza kuwa nyembamba. Nilipoinua mashine nusu ya jina ilikuwa imekwenda na nusu imebaki, na nusu iliyobaki ilikuwa mbaya kuliko yote. Hapo ningeweza kusimama. Nikawaza kwamba mjini kuna watu wanaochapa majina mazuri kwa kompyuta, yaliyonyooka, na kwamba Mzee anastahili jina lililonyooka. Nikamaliza mlango ule. Nikazunguka nikamaliza na wa pili.

Jioni nikapaka dawa ya kichupa, gari zima. Ndani nikasugua viti na sakafu kwa dawa nyingine hadi harufu ya maziwa ikaisha, ikabaki harufu kama ya duka la nguo mpya. Jua lilipokuwa linashuka nilisimama barabarani nikaitazama. Kwenye kingo za bodi, rangi ilikokwisha, chuma kilichungulia kidogo, lakini ungelazimika kutafuta. Ilikuwa nzuri. Hata leo, pamoja na yote, siwezi kusema haikuwa nzuri. Jirani wa duka alivuka barabara, akajiangalia kwenye mlango, akarekebisha kitambaa chake cha kichwa.

"Wee!" akasema. "Umeniweza."

Mama alirudi, akapita, akaiona. Akaingia ndani.

Jumatatu saa mbili asubuhi nikaileta pikapu hadi verandani kama kawaida. Mzee akatoka na fimbo yake, akafika kwenye mlango, akasimama. Akaweka kidole. Kidole kikateleza. Akakirudisha mwanzo, kikateleza tena. Akaanza kupapasa kwa kiganja kizima, juu, chini, pembeni, kama mtu anayetafuta swichi chumbani mwa watu.

"Twende, Mzee," nikasema. "Tutachelewa."

"Gari yangu iko wapi?"

"Ni hii."

"Hii si yangu."

"Ni hii, Mzee. Nimeiosha tu."

Nikamfungulia mlango. Alipoinamisha kichwa ndani, ile harufu mpya ikampiga usoni, akaruka nyuma akakanyaga kwa mguu mbaya. Nikamshika chini ya kwapa kumwinua aingie. Hapo ndipo Baba akapiga kelele, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto wangu, sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto.

"Mwizi! Mwizi! Ameiba gari yangu na sasa ananibeba!"

Neno lile huku kwetu halipigwi bure. Vijana watano wa bodaboda walikuwa kwenye stendi yao hapo kona, na sikuwaona wakifika. Niliona tu kuna mkono kwenye kola yangu.

"Wee buda, wachana na huyo mzae!"

"Ni babangu!"

"Kila mwizi ako na babake," mmoja akasema, na wenzake wakacheka, lakini yule aliyenishika hakucheka, na mwingine alikuwa tayari ameokota jiwe.

"Muulizeni!" nikasema. "Mzee, waambie mimi ni nani."

Baba aliniangalia vizuri. Aliniangalia kwa muda, kwa haki, kama mtu anayetaka kweli kutoa ushahidi usio wa uongo.

"Simjui," akasema.

Ni jirani wa duka aliyeniokoa. Alivuka barabara na mwiko mkononi akipiga mayowe kuliko Mzee. "Nyinyi wajinga! Huyo ni kijana yao! Ndiye mwenye hii nyumba! Wacha hiyo shati yake kabla sijaita mama zenu!" Mama naye alikuwa ametoka, amemkumbatia Baba, anamwambia kitu kwa lugha yetu, polepole, sikioni. Wakaniachia. Yule wa jiwe akaliweka chini kwa adabu, akasema, "Pole, buda. Lakini si hata wewe ungefanya hivyo?"

Baba hakwenda kliniki siku ile. Aliingia chumbani akaketi kitandani akiangalia mlango. Mama alinipita mara tatu na sahani, na mara zote tatu nilingoja aniambie kwamba alinionya. Angesema, ningekuwa na la kumjibu. Hakusema.

Nikajiambia zimebaki siku tatu hadi Alhamisi, na mimi ni mtu wa kutatua mambo. Jumanne nikaenda Moiben kumtafuta fundi aliyeandika jina lile. Sokoni wakaniambia alihama zamani, hakuna aliyejua wapi. Jumatano asubuhi nikampata mwingine mjini, mzee mpole anayeandika mabango ya maduka kwa mkono, nikamwonyesha picha ya mlango kwenye simu yangu. Nikamwambia herufi ziwe nene. Nikamwambia ile moja iiname. Akachovya brashi, akaanza herufi ya kwanza, na rangi ikajikusanya vitone vitone ikateremka mlangoni kama jasho.

"Umepaka nini hapa?" akaniuliza. "Rangi inakimbia."

Nikamweleza juu ya dawa ya kichupa.

"Sasa wewe umefunga mlango ndani na nje," akasema. "Hapa hakuna kitu itashika."

Ndiyo sifa ya dawa ile. Nilikuwa nimeipaka vizuri, tabaka mbili, bila kuacha nafasi hata ya ukucha. Tulichukua msasa tukaukwangua mlango ule pamoja, yeye na mimi, saa tatu nzima, hadi ukawa hauna mng'ao tena. Saa kumi ndipo alipomaliza jina. Lilifanana. Lilifanana sana. Nikampa mkono kwa furaha. Akaniambia rangi ya namna hiyo, ikiwa nene vile, na baridi hii yetu, inataka siku tatu au nne ikauke. Nikasema sina siku tatu. Nikailaza pikapu gereji na taa mbili kali zikiuelekea mlango.

Alhamisi. Mama alimtoa Baba kwa kumshika mkono, akimwimbia chinichini wimbo wa kanisani. Mimi nilijificha nyuma ya tangi la maji, kwa sababu alikuwa ameanza kutetemeka akiniona. Alifika kwenye mlango. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, na nikamsikia akisoma. Nikakisikia kifua changu kikifunguka. Alisoma hadi katikati. Kisha akakiinua kidole akakitazama. Kilikuwa cheupe.

"Hii imeandikwa jana," akamwambia Mama.

"Ingia tu, Mzee. Ni jina yako hiyo."

"Ndiyo, ni jina yangu. Mwizi akiiba gari, si lazima aandike jina ndiyo polisi wasijue?" Akajifuta kidole kwenye ukuta wa nyumba, kwa utulivu, kama mtu aliyekamata uongo uliotengenezwa vibaya. "Mama, wewe pia wamekudanganya."

Akageuka akarudi ndani. Mama akabaki amesimama na mkono wake hewani.

Nikapiga simu kliniki, wakasema tumlete. Nikamwambia Mama tutambeba kwa nguvu, niite wanaume. Mama akasema hapana. "Hatatolewa kwa hii nyumba kama mwizi," akasema, "na mwizi si yeye." Hilo ndilo neno pekee alilowahi kuniambia juu ya kosa langu. Ijumaa nikamleta muuguzi kutoka zahanati ya mtaani amsafishe hapo hapo nyumbani. Alikuwa dada mwenye mikono laini na maneno matamu. Baba alimwacha afungue begi, kisha akaona mkasi, akachukua fimbo. Baada ya hapo hakumruhusu mtu kumgusa chini ya goti isipokuwa Mama, na Mama hakujua kufanya zaidi ya maji ya chumvi na kitambaa safi. Baba alikuwa akilala na fimbo juu ya mapaja, amekaa. Chakula nilichonunua mimi hakula.

Jumamosi harufu ilianza. Jumapili ilifika sebuleni. Mimi nilikuwa na chupa za kuondoa harufu ya kila aina, kwenye rafu, nimezipanga kwa ukubwa.

Jumatatu asubuhi Mama alinigongea mlango. Baba alikuwa anachemka mwili mzima, macho yamefunguka lakini hayatazami. Tulimbeba katika shuka hadi kwenye gari langu, lile dogo, lile alilosema ni gari la watu. Hakushika nguzo. Hakuuliza ni la nani. Kichwa chake kilikuwa begani kwangu, kizito, na hiyo ndiyo mara ya kwanza aliniacha nimshike tangu wiki iliyotangulia.

"Amekosa mara ngapi?" daktari akaniuliza, akiwa ameshaufungua mguu.

"Mara mbili."

"Kwa nini?"

"Gari ilikuwa na shida," nikasema.

Akaniangalia, kisha akaliangalia gari langu dirishani. Nilimuuliza kama mguu ungefika hapo hata kama angekuja. Akasema labda. Daktari ana haki ya kusema labda. Mimi nazijua siku, kuanzia Jumamosi ya povu hadi asubuhi ile, na nimezihesabu nikianzia kila upande.

Walimpeleka hospitali kubwa siku ile ile, wakaukata juu ya goti. Fomu ya ruhusa niliitia sahihi mimi, kwa sababu Mama alikataa kushika kalamu. Mzee yuko hai. Anakaa kwenye kiti karibu na dirisha la upande wa jua, ni mpole, ananiita daktari, na anakula chochote anachopewa. Juu ya gari haulizi tena.

Hospitali walituuliza kama mguu tuwaachie wauchome au tunauchukua. Mama akasema utazikwa kwetu, mahali atakapozikwa mwenyewe, na kwamba utabebwa na gari lake. Sikubishana. Nikaileta pikapu. Walinikabidhi kitu kizito kilichofungwa kwa plastiki na kitambaa, nikakiweka kwenye kiti cha katikati, Mama akaweka mkono juu yake kama anavyoweka juu ya kapu lenye mayai, hadi Moiben. Mvua ilinyesha njiani. Maji hayakukaa hata kidogo kwenye boneti. Yalikimbia vipande vipande kama zebaki.

Baba mdogo, ndugu yake Mzee, alikuwa amekwisha kuchimba, shimo fupi, la kina cha kiuno, nyuma ya ghala la mahindi. Tulisali sala isiyo na jina, kwa sababu hakuna sala ya mguu. Tulifukia. Mama akarudi kwenye pikapu, akaketi, akafunga mlango.

Baba mdogo alinisindikiza akipangusa koleo kwenye nyasi. Alipofika karibu na pikapu akasimama. Akainama akaangalia uso wake kwenye boneti.

"Hii mmenunua ingine?"

"Hapana. Ni ile ile."

"Wacha uongo. Hii ni ile ya ndugu yangu?"

"Ni ile ile, baba mdogo."

Akazunguka akaitazama yote, akapiga mluzi, mtu ambaye dakika kumi zilizopita alikuwa analia. "Sasa nani ametengeneza hivi?"

"Ni mimi."

"Wewe? Na mikono yako?"

"Na mikono yangu."

"Unafanyaje? Hebu nieleze."

Nikamweleza. Nikaanza na povu, na kwamba lazima ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia. Nikamwambia juu ya udongo laini, juu ya sponji za aina tatu, juu ya sauti ya mashine dawa inapokauka. Nikamshika kiganja nikakipitisha kwenye paa ahisi mwenyewe. Nilisikia mlango ukifunguka upande wa pili. Nilimwona Mama akishuka, akijifunga leso vizuri kiunoni, akianza kutembea peke yake kuelekea barabara kuu, na bado nilikuwa namwambia baba mdogo kwamba dawa ya mwisho haipakwi juani, lazima uitafutie kivuli.